Ringi za darubini kwenye CZ 550 ya .375 H&H: urefu gani, na zifungweje zisisogee?

Miombo_Tabora

Habari za jioni wakuu. Naomba mwongozo kwa wanaozijua vizuri bunduki za kuwindia.

Bunduki ni CZ 550 Magnum, .375 H&H, ile yenye vilengeo vya chuma juu ya mtutu: kimoja kimesimama, viwili vinakunjwa. Haijawahi kufungwa darubini. Darubini iliyopo ni 1.5-6x42 (inakuza mara 1.5 hadi 6, lenzi ya mbele milimita 42), bomba la milimita 30. Juu ya risiva (mwili wa bunduki unaobeba bolti) hakuna matundu ya skrubu, kuna kingo mbili zilizochongwa kwa mlalo kila upande, kwa hiyo reli ya kawaida ya Picatinny haifungiki moja kwa moja.

Kazi yake ni nyati na pofu, umbali hauzidi mita 150, na risasi nyingi hupigwa mtu akiwa amesimama, bunduki juu ya fimbo tatu.

Nataka kujua: ringi za urefu gani, za kudumu au za kufungua haraka, skrubu zikazwe kwa nguvu kiasi gani, na je, ni lazima kusugua ringi kwa ndani kama wengi wanavyosema? Nawasilisha.

FundiChuma

Mkuu karibu. Kabla ya lolote toa risasi zote, chomoa bolti, kisha kagua chemba kwa jicho na kwa kidole. Bolti ikae mezani hadi utakapoihitaji kwa vipimo.

Hizo kingo ndizo davuteli. Ya CZ 550 ina upana wa milimita 19 na imechongwa kwenye risiva yenyewe. Ni mpangilio mzuri kwa sababu unaepuka kiungo kimoja kizima: hakuna kipande cha kati wala skrubu ndogo za kulegea. Lakini usiingie dukani kuomba "ringi za davuteli" tu. CZ 527 ina davuteli ya milimita 16, na bunduki nyingi za upepo na za .22 zina milimita 11. Ringi isiyo ya kipimo chake inaweza kuonekana imeshika, kumbe inashika kwa ncha za meno yake, si kwa uso mzima wa mlalo. Ukipiga .375 mara chache utaona kingo za davuteli zimeanza kung'aa na kuchubuka. Nunua zilizoandikwa CZ 550.

Kitu cha pili ni kigingi. Pitisha kidole juu ya davuteli utaukuta mfuo uliokatwa kukingama. Ringi za bunduki hii huwa na kigingi cha chuma chini ya ringi moja, na kigingi hicho hukaa ndani ya mfuo. Hicho ndicho kinachobeba teke. Ringi isiyo na kigingi inategemea msuguano wa meno peke yake, na kwa .375 msuguano hautoshi. Bunduki inaporudi nyuma, darubini kwa uzito wake inataka kubaki ilipokuwa, kwa hiyo inatambaa kuelekea mdomo wa mtutu.

Urefu wa ringi haukisiwi, unapimwa. Chukua venia (koleo la kupimia) utuletee vipimo hivi:

Kipenyo cha nje cha kioo cha mbele. Si hiyo 42, hiyo ni ya lenzi, nje huwa kubwa zaidi.
Kipenyo cha nje cha kioo cha jicho, upande wa nyuma.
Tofauti ya kimo kati ya uso wa juu wa davuteli na mgongo wa mtutu pale kioo cha mbele kitakapoangukia. Laza rula iliyonyooka juu ya davuteli ipite hewani juu ya mtutu, kisha pima pengo.
Kimo cha kilengeo kilichosimama, kuanzia mgongo wa mtutu.

Halafu kuna jambo linalosahaulika sana kwenye risiva ndefu za Magnum. Sehemu ya mbele na ya nyuma ya davuteli zimeachana mno, na darubini fupi inaweza isifike. Pima kutoka katikati ya sehemu ya mbele hadi katikati ya ile ya nyuma, kisha pima bomba la darubini: sehemu iliyonyooka mbele ya vifundo (vya kurekebishia shabaha) na sehemu iliyonyooka nyuma yake. Ringi isikae juu ya pale bomba linapoanza kutanuka, na isigusane na kizimba cha vifundo. Acha walau milimita 2 au 3.

Kilombero_Mto

Kwenye swali la kufungua haraka nina jibu moja: kwa nyati, ndiyo. Ukifuatilia nyati aliyejeruhiwa kwenye nyasi za matete au kichaka kizito, darubini inatoka na vilengeo vya chuma vinabaki kazini. Bunduki hiyo ilitengenezwa na vilengeo vizuri, usivifunike kwa kitu kinachohitaji ufunguo wa Allen na dakika tano kukitoa.

Ila uchague zenye mwili wa chuma na mkono wa kukaza unaolala ubavuni mwa risiva. Mkono uliochomoza hunasa kwenye kamba ya bunduki, kwenye ala na kwenye matawi. Na mkono uwe upande wa kushoto, kwa sababu upande wa kulia ndipo maganda yanaporukia na ndipo mkono wa bolti ulipo.

Watu husema "inarudi palepale", na hilo ni kweli kwa ringi nzuri iliyo safi. Usafi ndio wenye neno. Chukulia ringi zimeachana milimita 130. Chembe ya mchanga ikiinua ringi moja kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, risasi itahama kama milimita 77 kwenye mita 100. Chembe hiyo huwezi kuiona bila kuitafuta. Kwa hiyo kila ukirudisha darubini, futa davuteli kwa kitambaa kikavu, futa meno ya ringi, sukuma darubini mbele hadi kigingi kigote ukuta wa mbele wa mfuo, ndipo ulaze mikono. Mpangilio uwe uleule kila mara, wa mbele kwanza kisha wa nyuma.

Jaribio lake: piga risasi tatu, toa darubini, irudishe, piga tatu tena kwenye karatasi ileile. Makundi mawili yaingiliane. Yakikaa mbalimbali, angalia kwanza kama mikono inakaza sawa. Aina nyingi zina nati ndogo ya kurekebisha ukazo. Mkono uanze kuwa mgumu ukiwa kati ya nusu na robo tatu ya safari yake. Ukifika mwisho bila ugumu, haujakaza kitu.

Miombo_Tabora

Asanteni sana. Nimepima:

Kioo cha mbele, kipenyo cha nje milimita 49. Kioo cha jicho milimita 44. Mgongo wa mtutu uko milimita 3 chini ya uso wa davuteli. Kilengeo kilichosimama kina kimo cha milimita 11 juu ya mtutu.

Bomba linatosha, ringi zote mbili zinapata nafasi na ziada ya milimita chache kila upande. Tatizo ni kwamba nikiishikilia darubini pale ninapoona picha kamili, kioo cha mbele kinaangukia juu ya kilengeo hasa.

FundiChuma

Hapo umegusa mzizi wa jambo, na ni vizuri umepima kabla ya kununua.

Hesabu ni hii. Katikati ya darubini lazima iwe juu ya davuteli kwa kimo kinachotosha nusu ya kioo cha mbele, pamoja na nafasi ya hewa, pamoja na kilengeo kilicho chini yake, ukitoa zile milimita 3 ambazo mtutu umeshuka.

Kioo kikiwa juu ya kilengeo: 24.5 + 2 + 11 − 3 = milimita 34.5.
Kioo kikiwa nyuma ya kilengeo, juu ya mtutu mtupu: 24.5 + 3 − 3 = milimita 24.5.

Kimo cha 34.5 sikushauri hata kidogo. Kitako cha bunduki hiyo kimechongwa kwa vilengeo vya chuma, yaani macho yakae chini. Ukiinua darubini kiasi hicho shavu linaachana na ubao, kichwa kinaelea, na teke la .375 linakukuta bila mhimili. Mtu wa namna hiyo hukatwa nyusi, na hata asipokatwa, hawezi kuweka jicho mahali pamoja mara mbili mfululizo.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuisogeza darubini nyuma hadi kioo kiachane na kilengeo. Hiyo inawezekana tu kama umbali wa jicho (kutoka jicho hadi kioo cha nyuma) unaruhusu, na kwa bunduki hii usikubali umbali wa jicho chini ya milimita 90. Ukisogeza nyuma unaipunguza ile nafasi kati ya chuma na paji lako, kwa hiyo mimi siioni njia hiyo.

Ya pili ni kubadili darubini. Chukua ya 1-4x24 au 1-6x24, ambayo bomba lake limenyooka moja kwa moja hadi mbele bila kutanuka. Hesabu inakuwa 15 + 2 + 11 − 3 = milimita 25, na hapo inapita juu ya kilengeo bila kukigusa. Kwa nyati na pofu chini ya mita 150 hupotezi chochote. Ukuzaji wa 1 unakuruhusu kupiga macho yote mawili yakiwa wazi, na darubini ni nyepesi. Uzito ukipungua, mzigo kwenye ringi nao unapungua.

Sasa angalia jinsi muuzaji anavyotaja kimo. Wengine hupima kutoka chini ya ringi hadi katikati ya bomba, wengine hadi chini ya bomba. Kwa bomba la milimita 30 tofauti ni milimita 15 kamili. Milimita 25 hadi katikati ni sawa na milimita 10 hadi chini ya bomba. Maneno "chini", "wastani" na "juu" kwenye boksi hayana kipimo cha pamoja kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo omba namba.

Jambo la mwisho kabla ya kulipa: rudisha bolti, iinue na uivute nyuma huku darubini imeshikiliwa kwa kimo ulichokokotoa. Mkono wa bolti upite chini ya kioo cha jicho ukiwa umevaa glavu au una jasho, kidole gumba kisibanwe. Jaribu pia kizuizi cha usalama kama kinasukumika bila kidole kugota kwenye darubini.

Shabaha_300

Nichukue upande wa kufunga, maana vipimo FundiChuma amevimaliza.

Vifaa: bisibisi ya torki inayosoma kuanzia nyutoni-mita 1 hadi 8, ncha za kichwa cha nyota T15 au Allen kulingana na skrubu zako, asitoni au spiriti safi, kitambaa kisichotoa manyoya, pima maji mbili ndogo, timazi, na utepe wa karatasi. Bisibisi ya torki si anasa. Mkono wa mtu mzima kwenye ufunguo mfupi wa Allen unaweza kutoa mara mbili ya torki inayotakiwa bila yeye kujua.

Osha davuteli, meno ya ringi, ndani ya ringi na nyuzi za skrubu. Mafuta ya kiwandani yakibaki ndani ya ringi, bomba litateleza hata ukaze vipi. Ukimaliza, paka tabaka jembamba kabisa la mafuta kwenye davuteli peke yake kuzuia kutu, kisha ulifute hadi ubaki unyevu tu.

Weka sehemu za chini za ringi. Kigingi ndani ya mfuo, sukuma kuelekea mdomo wa mtutu, bonyeza chini kwa kidole gumba huku unakaza. Ukikaza bila kubonyeza, ringi inaweza kupanda upande mmoja na kukaa kwa mshazari. Torki ya skrubu ya upande fuata karatasi ya mtengenezaji, kwa sababu meno na skrubu hutofautiana. Wanaotumia reli ya Picatinny wataona namba za karibu inchi-pauni 65, yaani nyutoni-mita 7.3. Usiihamishie namba hiyo kwenye ringi za davuteli bila kusoma.

Laza darubini, rudisha vifuniko, kaza skrubu kiasi tu kwamba bomba linateleza kwa kusukumwa. Sasa tafuta nafasi ya jicho. Weka ukuzaji wa juu kabisa, kwa sababu hapo ndipo dirisha la kuona huwa dogo na lisilosamehe. Vaa nguo unazovaa porini. Fumba macho, weka bunduki begani juu ya fimbo, shavu likae, fumbua. Picha iwe kamili, bila kivuli pembeni. Ukiona kivuli sogeza darubini, usisogeze shingo. Kisha jaribu ukiwa umeketi na ukiwa umelala. Ukilala, jicho husogea karibu zaidi na kioo kuliko ukisimama. Nafasi iwe ile ambayo ukisimama unaona picha nzima na ukilala bado una milimita 80 au zaidi kati ya nyusi na chuma. Ukiwa na shaka kati ya nafasi mbili, chagua ya mbele.

Kunyoosha msalaba (mistari ya kulengea ndani ya darubini): weka pima maji juu ya uso wa davuteli katikati ya ringi mbili, nyoosha bunduki na uibane isitikisike. Usitumie kifuniko cha kifundo kama rejea yako ya mwisho, maana msalaba ndani unaweza usilingane nacho. Tundika timazi, uzi mweupe wenye uzito chini, mita 25 au 50 mbele mahali pasipo na upepo. Zungusha darubini hadi mstari wa wima ulale juu ya uzi. Kwa mita 150 kosa dogo hapa halitakuumiza. Kwa anayepiga mbali na kuzungusha kifundo litamuumiza: msalaba ukiwa umelala digrii 3 na ukapandisha MOA 10 (MOA ni kipimo cha pembe, moja ya sitini ya digrii), risasi inahama nusu MOA pembeni, ambayo kwa mita 300 ni kama milimita 45.

Kukaza vifuniko: kwa mshazari, robo zamu kwa kila skrubu, ukizunguka zote. Mapengo kati ya kifuniko na sehemu ya chini yawe sawa kushoto na kulia. Ukikaza upande mmoja kwanza, kifuniko huvuta bomba na msalaba wako unalala. Ndiyo maana baada ya kila mzunguko urudi kuangalia uzi. Torki ya mwisho kwa ringi nyingi zenye kifuniko juu ni inchi-pauni 15 hadi 18, sawa na nyutoni-mita 1.7 hadi 2.0. Zile zilizogawanyika wima, zenye skrubu juu na chini, mara nyingi huwa na namba yake tofauti iliyo juu kidogo, kwa hiyo soma karatasi.

Loctite (gundi ya skrubu) usiipake kwenye skrubu za vifuniko. Ikiwa bado mbichi inafanya kazi ya mafuta: nyuzi zinateleza, na kwa torki ileile skrubu inabana bomba kuliko ulivyokusudia. Skrubu kavu na safi, kwa torki sahihi, hazilegei.

Kuhusu kusugua: ndiyo, sugua. Ringi mbili zilizotengenezwa mbalimbali haziwezi kuwa kwenye mstari mmoja kamili, na ringi isiyo kwenye mstari inapinda bomba.

FundiChuma

Shabaha_300 maelezo yako ya kufunga ni mazuri sana, ila kwenye kusugua napingana nawe kwa kesi hii.

Davuteli hii imechongwa kwenye kipande kimoja cha chuma. Kosa la mstari hapa ni dogo kuliko pale mtu anapofunga vipande viwili tofauti kwa skrubu. Pima kwanza. Ondoa vifuniko, laza bomba kwenye sehemu za chini, funga ringi ya mbele peke yake kidogo, kisha tazama ringi ya nyuma: je, bomba limeinuka au limeegemea upande? Pitisha fila geji (bati jembamba la kupimia mapengo) ya milimita 0.05 pembeni. Kisha fanya kinyume, funga ya nyuma utazame ya mbele. Ikiwa fila haipiti popote, acha ringi zako zilivyo.

Vile vijiti viwili vyenye ncha vinavyouzwa kwa kazi hii usivitegemee peke yake. Ncha zinaweza kugusana vizuri ilhali ringi moja imeinama.

Ukilazimika kusugua, ni kwa chuma cha milimita 30 kilichonyooka na unga wa msasa wa namba 220 uliochanganywa na mafuta, mwendo mfupi wa mbele na nyuma, bila kugandamiza. Simama rangi ikiwa imetoka kwenye kama robo tatu ya uso. Ukiendelea hadi yote ing'ae, umeipanua ringi na sasa haibani bomba. Ringi zilizogawanyika wima zisisuguliwe, wala zile zenye vipande vya plastiki ndani vinavyojizungusha vyenyewe. Na ringi ya alumini ikisuguliwa inapoteza ngozi yake ngumu ya kuzuia kutu.

Kuna darubini iliyogharimu fedha nyingi hapa. Kupima kunachukua robo saa.

Pembe_ya_Pori

Samahani kwa kudandia uzi. Bunduki yangu ni Remington 700 ya .308 yenye vitako viwili vya Weaver (vipande vya chuma vinavyofungwa juu ya risiva kubeba ringi). Baada ya kufunga kitako cha mbele bolti imekuwa nzito kufunga, na kifundo cha kupandisha kimefika mwisho kabla risasi hazijafika katikati ya karatasi. Kuna uhusiano?

FundiChuma

Hayo ni makosa mawili tofauti, na yote hutokea sana kwenye 700.

Bolti nzito ni skrubu ndefu. Kitako cha mbele kina skrubu mbili za 6-48, na urefu wake haulingani na zile za nyuma. Mojawapo ikizidi nusu zamu tu, ncha yake inachomoza ndani na kugusa sikio la bolti, au inagota nyuzi za mtutu. Ikigota mtutu unaona umekaza hadi torki imefika, kumbe skrubu imekaza mtutu na kitako bado kinaelea. Toa skrubu moja moja huku unajaribu bolti, utaipata. Ifupishe kwa tupa ndogo, usafishe nyuzi, iingie walau zamu nne kamili. Hizi ni skrubu nyembamba za kama milimita 3.5, zikaze inchi-pauni 20, nyutoni-mita 2.3, na hapa tone moja la Loctite ya bluu linafaa.

Kifundo kufika mwisho: angalia kama vitako vimebadilishana. Risiva ya 700 mbele na nyuma hazina kimo kimoja, kwa hiyo vitako vyake navyo havilingani. Vikibadilishana darubini inainama na marekebisho yote yanaliwa hapo. Vikiwa sahihi, fungua ringi ya nyuma uone kama bomba linaruka juu.

Na ujue kwamba ringi za Weaver zinaingia kwenye reli ya Picatinny, lakini kinyume chake mara nyingi hakiwezekani. Mfuo wa Picatinny ni milimita 5.23, wa Weaver ni kama 4.57. Skrubu ya kukingama ya ringi ya Picatinny haitaingia kwenye mfuo wa Weaver, itakalia kingo.

Miombo_Tabora

Wakuu nimerudi. Darubini sasa ni 1-6x24, ringi za chuma za kufungua haraka, milimita 25 hadi katikati, na inapita juu ya kilengeo vizuri. Fila ya 0.05 haikupita, kwa hiyo sikusugua. Nimekaza vifuniko kwa 2.0. Lakini pete ya kubadili ukuzaji imekuwa ngumu kuliko ilivyokuwa mezani. Niiache?

Shabaha_300

Usiiache. Ugumu huo maana yake ringi ya nyuma inabana bomba mahali mitambo ya ukuzaji inapopita. Legeza ringi ya nyuma kabisa ujaribu pete. Ikilainika, jibu umelipata. Isogeze darubini milimita 3 au 4 nyuma ili ringi iachane na pete, ukihakikisha umbali wa jicho bado unatosha, kisha kaza tena kwa 1.7 ukitazama mapengo mawili yawe sawa. Ikibaki ngumu hata ringi ikiwa imelegea, bomba limeshaguswa au darubini ilikuwa hivyo. Tazama chini ya kifuniko: alama hafifu ya kung'aa ni kawaida, ila mstari unaoushika kwa ukucha ni bonyeo.

Ikishakuwa laini, chora mstari mwembamba wa kalamu kwenye utepe wa karatasi, nusu juu ya bomba na nusu juu ya ringi, mbele na nyuma. Fanya hivyohivyo kwenye vichwa vya skrubu. Bomba likitambaa, mistari itaachana na utajua kabla hujapoteza risasi nyingi kulaumu kitu kingine.

Kulenga anza bila risasi. Bolti nje, bunduki kwenye mifuko ya mchanga, tazama ndani ya mtutu duara jeusi kwenye karatasi ya mita 50, liweke katikati ya mtutu, kisha peleka msalaba hapo kwa vifundo bila kutikisa bunduki. Risasi ya kwanza ipige mita 25. Ukihamia mita 100, na risasi za greni 300 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), kundi likae kama sentimita 5 juu ya katikati, na hadi mita 150 hutahitaji kulenga juu ya mnyama. Baada ya risasi 20 rudia torki ya vifuniko na ya mikono. Skrubu ikizunguka kidogo mara hiyo ya kwanza si ajabu, nyuso zimekaana. Ikizunguka tena baada ya 20 nyingine, toa kila kitu na uangalie kigingi kama kweli kimo ndani ya mfuo.

Kilombero_Mto

Naongezea hapo kwa Miombo: jaribio la kutoa na kurudisha lifanye baada ya hizo risasi 20, si kabla. Na vilengeo vya chuma navyo vipigwe siku hiyohiyo, darubini ikiwa imetoka, mita 50, risasi zilezile za greni 300. Ukikuta vinapiga pembeni, kilengeo cha nyuma kinasogezwa kuelekea upande unaotaka risasi iende, kwa nyundo ndogo ya shaba na kijiti cha shaba. Weka alama ya penseli kabla ya kugonga.